Hivi kuta za vioo maofisini, stika zinaharibu muonekano au zinaokoa pua za watu?

#1 Mtu wa Makabrasha
Wakuu salaam. Ofisi yetu imehamia jengo jipya hapa Dar, ghorofa za juu kabisa, na aliyechora ndani kaamua kila kitu kiwe kioo, kutoka sakafuni mpaka dari, hakuna fremu, hakuna mchoro, kioo cheupe pee. Kupendeza kunapendeza, sibishi, ukikaa mapokezi unaiona bahari moja kwa moja kupitia vyumba viwili vya mikutano. Shida ni kwamba kioo chenyewe hakionekani. Juzi kaja mteja, mzee wa heshima zake, kaupiga ukuta akijua ndio njia, miwani ikapinda, damu puani, na mazungumzo ya biashara yakaishia pale pale. Nikawaambia wakubwa tubandike stika, jibu nililopewa ni kwamba stika zitaifanya ofisi ionekane kama duka la simu. Msimamo wangu ni huu: kioo kisichoonekana ni kosa la mchoraji, sio la mgeni. Kuna namna ya kulinda watu bila kuua urembo? Wajuzi karibuni.

#2 Siti ya Dirishani
Uzi bila picha batili. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

#3 Kauzu wa Kimara
Watu waache kutembea wanachati. Kioo hakijawahi kumfuata mtu.

#4 Mtu wa Makabrasha
@Kauzu wa Kimara huyo mzee mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, simu ilikuwa mfukoni. Soma uzi kwanza mkuu.

#5 Mama Wawili Tegeta
Mimi nina maoni tofauti na nyie wote, tatizo ni usafi. Pale kwetu wanaogonga wanagonga asubuhi tu, yaani dada wa usafi akishapitisha dawa na ule mpira wake kioo kinapotea kabisa, ukisogea saa nane mchana kimeshajaa vidole na mafuta ya watu waliokula chipsi na hapo hagongi mtu hata mmoja, mpaka mwenzetu mmoja akamwambia dada asifute usawa wa kichwa na meneja akasikia, ikawa kesi. Sasa niambieni, uchafu ndio usalama?

#6 Kauzu wa Kimara
@Mama Wawili Tegeta hahaha hii ya chipsi nimeikubali. Stika za bure.

#7 Fundi Vioo Mbagala
Naona mnazungumzia kuonekana tu, mimi niongelee kioo chenyewe maana ndio kazi yangu. Swali la kwanza la kujiuliza sio stika, ni je, hicho ni kioo gani? Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha, kinachinja. Cha tempa kinapashwa moto kwenye tanuri, nyuzi joto mia sita na kitu, halafu kinapulizwa upepo ghafla, kinakuwa na nguvu mara nne mpaka tano ya kile cha kawaida, na kikivunjika kinamwagika punje punje. Cha lamineti ni vioo viwili vimebanwa na plastiki katikati, kikipasuka kinabaki kimening'inia pale pale kama hicho cha mbele ya gari. Ukuta wa ofisi usiokuwa na fremu uwe tempa au lamineti, kingine ni kumtafutia mtu kifo. Nenda kwenye kona ya chini, kioo cha tempa mara nyingi kina mhuri mdogo umechomwa, haufutiki kwa kucha. Usipouona, muulize aliyewafungia.

Na mjue uzito. Kila milimita moja ya unene ni kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 12, upana mita moja urefu mita tatu, hapo una kilo 90 zimesimama juu ya vipande vya mpira na silikoni. Watu wanaegemea tu.

#8 Mjukuu wa Pwani
Fundi umeshiba. Mimi naona tuache kuagiza China, Kioo Limited wapo hapo Chang'ombe miaka yote, wangetengeneza hivi vya maofisini na mhuri wa kwetu.

#9 Bandari Kavu
@Mjukuu wa Pwani Kioo Limited wanatengeneza chupa na mitungi ya vioo, soda unayokunywa hiyo. Vioo vya bapa ni kile kiwanda cha Mkuranga alichozindua Rais Samia 2023. Vitu viwili tofauti.

#10 Mjukuu wa Pwani
Mkuranga nayo ni pwani, kwa hiyo nilikuwa upande sahihi 😂

#11 Mbongo Uingereza
Niko huku kwenye kazi za ujenzi wa ndani, niongeze kitu. England hili jambo limeandikwa kabisa kwenye kanuni za majengo, ile nyaraka inayoitwa K. Kioo kikubwa kwenye njia ya watu kiwe na alama kwenye usawa wa aina mbili: ya chini kati ya sentimita 85 na mita 1 kutoka sakafuni, ya juu kati ya mita 1.4 na mita 1.6. Ya juu inamkuta mtu mzima aliyesimama, ya chini inamkuta mtoto au mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Na alama zenyewe ziachane rangi na kilichopo nyuma yake, ukiangalia kutoka ndani na kutoka nje, mchana na taa zikiwaka. Hapo ndio wengi wanafeli, wanabandika vidoti vyeupe na nyuma kuna ukuta mweupe.

Halafu mleta mada, kitu kitakachomfurahisha bosi wako: kanuni hiyo hiyo inakubali uachane na alama kama kuna kitu kingine kinachoonyesha kuwa pale kuna kioo. Nguzo za fremu, papi za kulala, fremu ya mlango, au mishikio mikubwa. Yaani mngeweka fremu nyeusi nyembamba tangu mwanzo tusingekuwa na huu uzi.

#12 Siti ya Dirishani
Australia je? Shemeji yangu yuko Perth anasema kule kila kioo kina mkanda.

#13 Mbongo Uingereza
@Siti ya Dirishani kweli, wao ni wakali zaidi, wanataka mkanda mzima usiokatika, upana usipungue milimita 75, sio vidoti. Vidoti mbele ya macho yanayoona kwa shida vinayeyuka.

#14 Kauzu wa Kimara
Kanuni za Waingereza zinatuhusu nini? Sisi hapa ukigonga unajipangusa unaendelea.

#15 Kobe Mzee
@Kauzu wa Kimara ngoja ugonge wewe. Na msidhani ni ushamba wetu. Apple walipohamia lile jengo lao la duara Cupertino, mapema 2018 magazeti ya kule yalitoa mpaka simu za dharura zilizopigwa, wafanyakazi wamegonga vioo wanatoka damu kichwani. Waliokuwa wanafanya kazi mle wakaanza kubandika vikaratasi vya kunata ili wenzao waone, vikabanduliwa, eti vinaharibu dizaini. Kabla ya hapo kuna bibi wa miaka 83 aliwashtaki hao hao akidai dola milioni moja baada ya kuvunja pua kwenye mlango wa kioo wa duka lao New York. Sasa kama watu wanaotengeneza simu tunazochatia wanagonga, bosi wa mleta mada ni nani?

#16 Mtu wa Makabrasha
Hiyo ya vikaratasi naiprinti naipeleka mezani kwake.

#17 Binti wa Makorora
Wote mnafikiria stika ya frosti kama ya kliniki ndio maana mabosi wanakataa. Mimi nafanya mapambo, nina wazo. Chukueni kanga. Kanga ina pindo, ina mji katikati, ina jina. Pindo linakatwa kwenye stika linapita ukuta mzima kwa chini, ule usawa wa kwanza aliosema @Mbongo Uingereza, na jina linaandikwa kwa juu usawa wa kifua na macho. Kioo kinabaki wazi katikati, bahari inaonekana, mwanga unapita, na ofisi inakuwa na sura ya hapa sio ya katalogi. Nimeshafanya kwa mteja mmoja kwa michoro ya milango ya Zanzibar, yale maua na minyororo ya pembeni, watu wanapiga picha pale.

#18 Mama Wawili Tegeta
@Binti wa Makorora hapa umeua. Jina la kanga kwenye chumba cha mikutano liwe HASIDI HANA SABABU.

#19 Bandari Kavu
Kwa idara ya uhasibu: MDHANIA NDIYE KUMBE SIYE.

#20 Kauzu wa Kimara
Kwenye ukuta aliogonga mzee: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA 😂😂

#21 Mjukuu wa Pwani
Mlango wa HR: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nimecheka nipo kwenye daladala watu wananiangalia.

#22 Mbongo Uingereza
Wazo zuri ila angalizo kwa @Binti wa Makorora, pindo likiwa na matundu mengi na rangi nyepesi utarudi kule kule. Tumia nyeusi au nyekundu iliyokolea, na jaribu usiku taa zikiwa zinawaka.

#23 Binti wa Makorora
Kanga gani nyepesi mkuu, umekaa huko mpaka umesahau kanga? Ila ya usiku umesema kweli.

#24 Miwani ya Baba
Niko upande wa macho (kazi yangu ndiyo hiyo), niseme kidogo. Jicho halitazami kioo, linatafuta kitu cha kukamata: mstari, vumbi, mwanga uliorudi. Kama pande zote mbili taa zina nguvu sawa na zulia ni lile lile linaendelea upande wa pili, ubongo unahesabu kuwa pale ni njia. Sio uzembe. Ongeza na hili, ukifikisha umri wa miaka arobaini na kuendelea wengi tunavaa miwani ya kusomea, ile ya lenzi mbili kwa moja chini inakuza vitu vya karibu, ukitazama chini ukiwa unatembea mambo yanachanganyika. Mzee wa mleta mada alikuwa na miwani, si ndio?

Kwa hiyo kabla ya stika, badilisheni sakafu. Zulia la rangi nyingine upana wa hatua moja kando ya kioo, au vyungu vya maua, au benchi refu. Mtu hapiti palipo na chungu.

#25 Kauzu wa Kimara
Atajikwaa kwenye chungu halafu agonge kioo. Mmemuongezea.

#26 Mtu wa Makabrasha
@Miwani ya Baba miwani alikuwa nayo ndio, ila sijui ni ya lenzi gani. Vyungu nimevipenda, bosi ana udhaifu na mimea.

#27 Mlinzi Mstaafu
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nimelinda jengo moja mjini, jina naliacha. Usiku wa Jumapili, hakuna mtu ghorofani, milango imefungwa, nikasikia mlipuko. Kupanda juu, kioo kizima cha chumba cha mikutano kiko chini punje tupu, hakuna jiwe, hakuna nini. Wakubwa walinihoji mimi kana kwamba nimekipiga teke. Mpaka leo sijapata jibu. Nyie wajuzi ni nini kile?

#28 Mjukuu wa Pwani
Mzee hilo jengo limejengwa juu ya nini? Kuna viwanja mjini pale havikuombewa.

#29 Fundi Vioo Mbagala
@Mlinzi Mstaafu pole, hiyo ipo na sio jini. Kwenye tempa kuna ugonjwa unaitwa nikeli salfaidi, chembe ndogo sana huwezi kuiona kwa macho, inaingia wakati kioo kinayeyushwa. Kioo kikipozwa ghafla ile chembe inanasa ikiwa bado na umbo la kwenye moto, halafu taratibu, hata baada ya miaka, inarudi kwenye umbo lake la baridi na kuvimba. Ikiwa katikati ya kioo pale penye mvutano, kinalipuka chenyewe. Viwanda makini vinarudisha vioo kwenye joto, nyuzi mia mbili na kitu, kwa masaa, ili vile vibovu vipasukie kiwandani visije kupasukia kwako. Vya bei rahisi hawavipitishi huko.

#30 Bandari Kavu
Fundi mnaipenda hiyo nikeli kwa sababu inawatoa lawamani. Mimi nimesimamia majengo, kwa uzoefu wangu nyingi ni ufungaji. Kioo cha tempa uso wake mgumu ila ukingo wake ndio roho. Mtu kakikalisha juu ya skrubu, au kinagusa zege bila mpira, au kiligongwa kona wakati wa kushusha kwenye gari akanyamaza. Jengo likicheza kidogo, siku ya siku kinakwenda.

#31 Mama Wawili Tegeta
Na AC je? Sisi kiyoyozi kinapuliza kioo moja kwa moja huku upande wa pili jua la saa tisa limekiwakia.

#32 Fundi Vioo Mbagala
@Mama Wawili Tegeta joto la upande mmoja na baridi upande mwingine linapasua kioo cha kawaida, hasa kikiwa na tinti nyeusi. Tempa inavumilia sana hiyo. @Bandari Kavu sikatai ufungaji mbovu upo, ila kuna namna ya kujua. Zikibaki punje zimesimama kwenye fremu, tafuta mlipuko ulipoanzia, ukikuta vipande viwili vikubwa vimelaliana, wenyewe wanaviita kipepeo, na ndani ya mpaka wao kuna kidoti, ni nikeli. Mzee, kuna mtu alitazama?

#33 Mlinzi Mstaafu
Vilifagiliwa usiku ule ule, wageni walikuwa wanakuja Jumatatu.

#34 Bandari Kavu
Basi tutabishana mpaka kiama. Skrubu.

#35 Mjukuu wa Pwani
Jini.

#36 Kobe Mzee
Hapo ndio naona lamineti ni bora kwa kuta za ndani, ikipasuka inabaki imesimama, hakuna anayemwagikiwa. Ilianzia kwa Mfaransa mkemia, Édouard Bénédictus, 1903, chupa ya maabara ilidondoka ikapasuka lakini haikusambaratika kwa sababu ndani ilikuwa na utando wa kemikali uliokauka.

Ila kioo imara peke yake hakitoshi. Toronto 1993 kuna mwanasheria alikuwa na mazoea ya kujirusha kwenye dirisha la ofisini ghorofa ya 24 kuonyesha wageni kuwa halivunjiki. Siku ya mwisho kioo hakikuvunjika kweli, kilichomoka kizima na yeye akaenda nacho.

#37 Siti ya Dirishani
Dah. Hii nimesoma mara mbili.

#38 Bandari Kavu
@Kobe Mzee asante, umenisaidia hoja. UFUNGAJI.

#39 Fundi Vioo Mbagala
Lamineti bei yake ukimpa mteja anakuuliza kama na kiwanja kipo humo humo. Wengi wanarudi kwenye tempa.

#40 Abu Muscat
Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Ghuba jua ni adui kwa hiyo vioo vitupu wanaviogopa. Abu Dhabi kuna minara miwili, Al Bahar, tangu 2012, nje imevishwa miavuli ya pembe tatu iliyotokana na mashrabiya (yale madirisha ya Kiarabu ya mbao yenye nakshi za matundu), inajifunua na kujikunja kufuata jua. Kwa ndani maofisi mengi wanabandika michoro ya pembe pembe ile ile. Kuna na suala la stara, wallahi, kinamama wamekaa kwenye viti virefu nyuma ya kioo kinachoanzia sakafuni, anayepita nje anaona mpaka pasipomhusu. Mkanda wa frosti wa chini unaondoa aibu na kugonga kwa pamoja.

#41 Mama Wawili Tegeta
@Abu Muscat Mungu akubariki, hili nililisema kazini nikaambiwa nina mambo ya kizamani. Sisi tumeziba na makatoni ya karatasi za printa.

#42 Kauzu wa Kimara
Bandikeni tinti ile ya kioo cha polisi, wewe unaona nje wao hawakuoni.

#43 Mbongo Uingereza
@Kauzu wa Kimara ile inafanya kazi upande wenye mwanga mdogo ukiwa ni wako. Giza likiingia nje na ndani taa zinawaka, inageuka, nyie ndio mnaonekana wote.

#44 Kauzu wa Kimara
Ndio maana kazini kwetu wa jengo la jirani wanajua nani analala ovataimu.

#45 Dada wa Ndege
Hakuna aliyewataja ndege? Wao hawana pua ya kufunga plasta, wanakufa. Chicago, kile kituo cha mikutano cha McCormick Place, usiku mmoja wa Oktoba 2023 walikufa karibu ndege elfu moja kwa kugonga vioo. 2024 wakabandika vidoti vidogo kwenye vioo vyote na vifo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Vidoti vyenyewe viwe karibu karibu, uwazi usizidi sentimita tano, na vibandikwe kwa NJE, ukibandika ndani mwangaza unaorudi nje unavifunika. Kwa hiyo dawa ya ndege na ya binadamu zinakaribiana.

#46 Mjukuu wa Pwani
Kunguru wa Dar wagonge tu, tutachangia vioo.

#47 Dada wa Ndege
Kunguru ndio hawagongi, wana akili kuliko wakubwa wa ofisi ya mleta mada.

#48 Kobe Mzee
Kwani kisheria nani anawajibika? OSHA wapo, sheria yao ya 2003. Mfanyakazi akiumia kuna WCF, ule mfuko wa fidia. Mgeni je? WCF ni ya wafanyakazi, yule mzee hayumo, akiamua anakwenda mahakamani kwa mwenye ofisi. Hiyo ndio hoja ya kumpelekea bosi, urembo weka pembeni.

#49 Bandari Kavu
Mwenye ofisi atamrukia mwenye jengo, mwenye jengo atamrukia mkandarasi, mkandarasi fundi, fundi atasema nikeli.

#50 Fundi Vioo Mbagala
😂😂 Bandari Kavu una chuki binafsi.

#51 Mtu wa Makabrasha
Wakuu mrejesho. Nimepeleka vitu vitatu: habari ya Apple, hoja ya WCF, na mchoro wa kanga alionitumia @Binti wa Makorora. Ya kwanza kacheka. Ya pili kanyamaza. Ya tatu kasema pindo sawa ila jina la kanga litoke, liwekwe nembo ya kampuni, na iwe ya kijivu hafifu "isikere macho". Vyungu vimekubaliwa vyote. Mhuri kwenye kona nimeutafuta, vioo vitatu vinao, cha nne hakina.

#52 Mbongo Uingereza
Kijivu hafifu mbele ya zulia la kijivu? Mwambie aibandike halafu asimame mita tano usiku aje atuambie anaona nini.

#53 Fundi Vioo Mbagala
Achana na rangi kwanza, hicho cha nne ndio habari. Kimo kwenye njia ya watu? Unaweza kujaribu na miwani ya jua ile ya polaroidi, itazame kwa upande mwanga ukipiga, tempa inaonyesha madoa madoa au mistari ya kivuli. Usipoona kitu, wekeni vyungu viwili hapo na muite mtu akipime. Na msije mkasema mtakipeleka kikatobolewe baada ya kuchomwa tanuri, tempa inakatwa na kutobolewa kabla, baadaye ukigusa kinamwagika.

#54 Mtu wa Makabrasha
Ndicho alichogonga mzee.

#55 Siti ya Dirishani
Na mimi naulizia, kioo cha bafuni nyumbani, kile cha kuogea, nacho kinatakiwa kuwa na mhuri? Changu kina stika ya pomboo tu.

#56 Fundi Vioo Mbagala
Pomboo ng'oa uangalie chini yake. Na uanzishe uzi wako mkuu, hapa bado tunamalizana na Bandari Kavu.